SOMO: Kushuka JKIA na kuiwahi ndege ya Lamu pale Wilson

Assalamu alaikum, na kwa wenzetu wengine, habari za leo.

Nakaa South C, Nairobi. Ndege ndogo za uwanja wa Wilson hunipitia juu ya paa tangu alfajiri, na JKIA (Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta), ambayo wazee wetu mpaka leo wanaiita Embakasi, ni mwendo wa dakika ishirini barabara ikiwa nyeupe. Mimi ni mzaliwa wa Langoni, Lamu. Kwa miaka zaidi ya kumi na tano sasa, mtu wa kwetu akija kutoka Muscat, Dubai, London au Toronto, simu hunijia mimi: "Fulani anashuka kesho, tafadhali mfikishe Wilson." Nimewafikisha wengi. Wachache sikuwafikisha kwa wakati, na hao ndio walionifundisha haya ninayoyaandika.

Kosa ni lile lile kila mara. Mtu anatazama saa ya kutua ndege ya kwanza na saa ya kuruka ndege ya pili, anaona katikati pana saa tatu, anauliza ni kilomita ngapi, anaambiwa hazifiki ishirini, basi anatulia. Kilomita hazina neno. Saa zako zinaliwa ndani ya JKIA, kabla hujaingia garini.

Mwaka 2017 khalati yangu, dada wa mama, alikuwa anakuja kutoka Muscat kwa harusi ya mjukuu wake. Ndege yake ilitua saa nne na dakika ishirini asubuhi, ya Lamu iliruka Wilson saa saba na nusu. Ilikuwa Ijumaa, na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Sanduku lake la kwanza lilitoka mapema, la pili likatoka karibu la mwisho kabisa. Forodha wakalifungua. Nilimpokea mlangoni saa sita na dakika kumi. Tulifika Wilson saa saba na dakika tano, dirisha la kupokelea abiria limeshafungwa. Kupitia kioo niliiona ndege yenyewe imesimama, mlango bado wazi, kijana anapakia mabegi tumboni mwake. Khalati alikaa juu ya sanduku, hakulia wala hakulaumu mtu. Alifungua kopo moja la halwa aliyokuwa ameibeba kwa ajili ya harusi, akawagawia wapagazi kwa kijiko cha plastiki. Usiku ule walimtia bibi harusi hina bila yeye. Mpaka leo nikiona kopo la halwa ya Muscat huikumbuka ile siku ya Wilson.

Basi tuanze.

HATUA YA KWANZA: Soma herufi tatu kabla hujalipa

Kwenye tiketi kila uwanja una herufi zake tatu. JKIA ni NBO. Wilson ni WIL. Lamu, yaani uwanja wa Manda, ni LAU. Mitandao mingi ya kuuza tiketi huandika "Nairobi" tu kwa maandishi makubwa, na zile herufi huwekwa kwa maandishi madogo pembeni. Ukiona unatua NBO na unaruka WIL, jua umenunua safari yenye gari katikati.

Swali la kujiuliza hapo hapo: je, siwezi kuruka kutoka JKIA yenyewe? Kwa Lamu na Diani mara nyingi inawezekana, kampuni kama Jambojet zimekuwa zikienda huko kutoka JKIA. Mombasa, Malindi na Kisumu vivyo hivyo. Utachukua mizigo yako, utatoka, utatembea au kupelekwa jengo la ndege za ndani, na hutakutana na Mombasa Road kabisa. Hata ikiwa tiketi imezidi elfu mbili tatu, mimi huwaambia watu wangu wailipe. Anayekwenda Maasai Mara, Amboseli au Samburu mara nyingi hana pa kuchagua, zile ndege ndogo za mbugani nyumbani kwao ni Wilson.

HATUA YA PILI: Piga hesabu kuanzia unapotoka mlangoni, usianzie ndege inapotua

Chukua ndege inayotua saa tatu kamili asubuhi. Mpaka iegeshwe na mlango ufunguliwe, ni robo saa. Uhamiaji, nusu saa ukiwa na bahati, saa nzima ikiwa ndege kubwa mbili tatu zimeshuka pamoja. Mkanda wa mizigo, nusu saa nyingine. Forodha ni dakika tano sanduku likipita kwenye skana bila maneno, na dakika arobaini likifunguliwa. Hapo imeshafika saa tano na hujaliona jua la Nairobi. Barabarani ni nusu saa siku nyepesi, saa moja unusu siku nzito. Na Wilson wanakutaka dirishani saa moja kabla ya kuruka.

Jumlisha mwenyewe. Kanuni yangu mimi ni muda wa saa tano kati ya kutua na kuruka ukiwa na masanduku. Saa nne ikiwa una begi la mkononi tu na ni Jumapili asubuhi. Chini ya hapo simshauri mtu, hasa mwenye watoto au mzee.

Na ikiwa ndege yako ya kwanza inatua alasiri, usijidanganye kuwa utaunganisha siku hiyo. Viwanja vya mbugani havina taa, kwa hiyo ndege za huko hufanya kazi mchana tu, na za pwani kutoka Wilson nazo nyingi humalizika kabla ya jioni. Lala Nairobi. South C kuna nyumba za wageni za bei ya wastani na msikiti hauko mbali, asubuhi unafika Wilson kabla chai haijapoa.

HATUA YA TATU: Saa ya tiketi na saa yetu

Hili sijaliona likiandikwa popote na limewaumiza watu wetu wengi. Tiketi huandikwa kwa saa ishirini na nne. 08:00 ni saa mbili asubuhi. Mzee wa kwetu anaona nane, anasema saa nane, na kwake saa nane ni mchana baada ya Adhuhuri. Nimempokea bwana mmoja aliyekuwa anakunywa kahawa taratibu kabisa Eastleigh wakati ndege yake ilikuwa imeshatua Manda.

Ukimnunulia mzazi tiketi, usimtumie picha ya tiketi peke yake. Mrekodie sauti: "Mama, ndege yaruka saa mbili asubuhi, baada ya kuchomoza jua." Taja asubuhi, mchana au jioni, na taja sala iliyo karibu. Tena Muscat na Dubai wako mbele yetu kwa saa moja. Saa ya mkononi isiyorekebishwa itakuonyesha umechelewa hali bado una saa nzima, na mtu akiwa na hofu hufanya makosa.

HATUA YA NNE: Mizigo

Ndege kubwa iliyokuleta huenda imekuruhusu masanduku mawili ya kilo ishirini na tatu kila moja. Ndege ndogo ya Wilson mara nyingi inaruhusu kilo 15, na kwa kampuni nyingi hizo ni pamoja na mkoba wa mkononi. Ndege za mbugani hutaka begi laini, kwa sababu sehemu ya mizigo ya Cessna Caravan ni kama sanduku chini ya tumbo la ndege, na sanduku gumu halikunjiki kuingia humo.

Kilo zinazozidi unaweza kuzilipia, lakini zitaondoka siku hiyo ikiwa tu ndege ina nafasi. Siku za Maulidi ya Riyadha, katika Mfunguo Sita (Rabiul-Awwal), hakuna nafasi. Kila abiria ana zawadi. Piga simu kampuni wiki moja kabla, nunua uzito wa ziada mapema, au gawanya mzigo tangu huko uliko: begi moja la kilo 15 lenye vitu vya lazima, dawa na nguo za siku tatu, na sanduku la pili ambalo uko tayari libaki Nairobi kwa ndugu na kupelekwa na basi. Yote mawili yakiwa yamechanganywa, utayafungua sakafuni pale Wilson mbele za watu, nguo za ndani na udi vikiwa nje. Nimeshalishuhudia na halipendezi kwa mama mtu mzima.

Jambo dogo: mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017. Ule mfuko wa duka la uwanja wa ndege uache ndani ya ndege, hamishia vitu kwenye mkoba wa kitambaa.

HATUA YA TANO: Karatasi

Anayekaa ndani ya JKIA akingoja ndege nyingine ya kimataifa haingii Kenya. Wewe unayekwenda Wilson unaingia Kenya, hata kama ni kwa saa nne. Kwa hiyo ukisafiri kwa pasi ya Uingereza, Marekani au Canada, unahitaji ile idhini ya kusafiri ya mtandaoni, eTA, iliyochukua nafasi ya viza Januari 2024. Iombe siku kadhaa kabla, usiiombe ukiwa kwenye foleni ya kupanda ndege. Mwenye pasi ya Kenya haihitaji, wala raia wa nchi nyingi za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wenzetu waliozaliwa Lamu wakachukua uraia wa nje husahau hili, wanasema "mimi ni mtu wa pale". Afisa anaangalia pasi uliyoishika.

HATUA YA SITA: Ukishuka

Usisimame kupiga picha wala kutafuta mtandao. Nenda uhamiaji kwanza, na kama unataka msalani, subiri mpaka uwe kwenye mkanda wa mizigo, pale una muda wa kupoteza. Laini ya simu pia nunua ukiwa umeshachukua masanduku, au usinunue kabisa na umwachie ndugu anayekupokea awasiliane na Wilson.

Forodha: kuwa na risiti za vitu vipya. Simu tatu mpya ndani ya boksi zake bila karatasi yoyote ni mazungumzo marefu. Ukiulizwa, jibu kwa adabu na ufupi. Sijawahi kuona ukali ukifupisha kazi pale.

HATUA YA SABA: Barabara

Hapa ndipo dereva mzuri anapojulikana. Njia ni mbili.

Ya kwanza ni ya zamani: kutoka uwanjani unashika Mombasa Road, unapita Bellevue, unafika Nyayo, unageuka Lang'ata Road, T-Mall, kisha Wilson. Asubuhi na jioni njia hii ni kitanzi. Pale Nyayo nimewahi kukaa dakika arobaini nikiyatazama magari yale yale.

Ya pili ndiyo ninayoitumia: Southern Bypass. Unaiingia kutoka Mombasa Road karibu na hoteli ya Ole Sereni, mbuga ya Nairobi inakuwa mkono wako wa kushoto, unatokea Lang'ata Road upande wa Carnivore na Uhuru Gardens, kisha unarudi kidogo hadi Wilson. Kipande kibaya ni kile cha kutoka uwanjani hadi Ole Sereni. Kikiwa kimejaa, mwambie dereva apande Nairobi Expressway pale JKIA na ashukie Southern Bypass. Barabara hiyo ya kulipia, iliyofunguliwa 2022, inapita juu ya kero yote ile. Ushuru unalipwa kwenye kibanda, uwe na shilingi taslimu au dereva mwenye kadi. Usiache mtu akuambie "si lazima, tutapita chini tu" hali unaona taa nyekundu za magari mpaka Cabanas.

Siku za kuziogopa ni Ijumaa, mwisho wa mwezi, mvua za Aprili na Novemba ambapo Mombasa Road hujaa maji, na sikukuu za taifa, maana sherehe zikifanyika Uhuru Gardens, Lang'ata Road yenyewe huwa na vizuizi.

Mweleze dereva jina la kampuni ya ndege, usimwambie "Wilson" tu. Wilson si jengo moja kama mlivyozoea. Makampuni yana majengo yao na milango yao, na ukiteremshwa mlango usio wako, utaburuta masanduku juani huku dakika zinakwenda.

HATUA YA NANE: Ukiona umechelewa

Piga simu Wilson ukiwa bado kwenye mkanda wa mizigo. Ukingoja mpaka ufike mlangoni kwao, umeshachelewa mara mbili. Kabla dirisha halijafungwa, mhudumu ana la kufanya: anaweza kukuhamishia ndege ya baadaye au ya kesho kwa kulipa tofauti. Dirisha likishafungwa unahesabiwa abiria asiyetokea, na tiketi nyingi za bei nafuu hufia hapo. Siku ya khalati mimi sikupiga. Niliamini tutafika. Namba ya kampuni ninayo kwenye simu yangu mpaka sasa, na sasa huipiga mapema hata nikijua tutawahi.

Na ujue haki yako. Ikiwa ndege zote mbili ziko kwenye tiketi moja, kampuni iliyokuchelewesha ina wajibu wa kukupangia nyingine ya kwanza ikichelewa. Ukinunua tiketi mbili mbalimbali, kila kampuni inakujua kwa kipande chake tu. Ile ya Wilson haina habari kwamba ulikuwa angani juu ya Bahari ya Hindi.

Kurudi, kutoka Lamu hadi JKIA, nitasema kwa ufupi kwa sababu dawa yake ni moja: njoo Nairobi siku moja kabla ya ndege kubwa. Wingu zito likikaa Manda, au ndege ya mbugani ikipitia viwanja vitatu kuokota abiria, mpango wote unayumba. Na kuingia JKIA kuna kituo cha ukaguzi barabarani ambapo abiria hushuka garini, hupita kwa miguu kwenye mashine, kisha gari humpokea mbele. Foleni ya pale jioni si ya dakika tano.

MASWALI YA WANACHAMA

Dada wa Muscat: Kaka, shukran. Wakala ameniuzia tiketi moja yenye saa tatu na robo katikati, JKIA hadi Wilson, nina watoto wawili, mmoja ananyonya. Anasema mfumo umekubali kwa hiyo ni sawa.

Jibu: Karibu nyumbani, dada. Mfumo unajua tu muda wa chini kabisa wa kuunganisha ndege ulioandikwa, haujui mtoto anayenyonya. Mwombe wakala kwa maandishi akusogezee ndege ya pili, WhatsApp yatosha, ili kuwe na ushahidi kwamba ulisema mapema. Ikiwa ni tiketi moja kweli, yaani namba moja ya tiketi kwa safari nzima, mara nyingi husogezwa ukiomba kabla ya safari. Hakikisha kwanza si tiketi mbili alizokubandikia kwenye karatasi moja, maana hilo hutokea sana. Akikataa, lala South C usiku mmoja. Na uhamiaji, mwenye mtoto mchanga mwombe askari aliyesimama mwanzo wa foleni, mara nyingi humpitisha mbele. Usione haya kuomba.

Mwenzetu wa Leicester: Je, naomba sanduku liandikwe LAU tangu Uingereza ili nilikute Manda?

Jibu: Hapana ndugu yangu. Hata mhudumu akikubandikia kibandiko cha LAU kwa kukosea, hakuna mtu wa kulihamisha sanduku kutoka JKIA hadi Wilson. Litalala JKIA na wewe utalala Lamu bila nguo. Angalia kibandiko kabla halijaondoka dirishani: kiwe NBO. Chukua sanduku lako mwenyewe, upite nalo forodha.

Ndugu wa Dar es Salaam: Mkuu, sisi ni kundi la watu sita, tunatoka Dar asubuhi kwenda Mara. Pasi zetu za Tanzania. Tunatua saa mbili na dakika hamsini, ndege ya Mara ni saa sita mchana. Foleni ya Nairobi tunaisikia tu.

Jibu: Karibuni sana. Hamhitaji eTA. Mna saa tatu na dakika kumi, ni chache kwa kanuni yangu, lakini mna jambo la kuwasaidia: mkienda Mara kwa siku tatu, hamna haja ya sanduku kubwa. Kila mtu abebe begi laini moja la kilo zisizozidi 15, kama ndege ya kutoka Dar inaruhusu mliingize ndani, na mtauruka mkanda wa mizigo mzima. Wekeni gari moja la watu sita mapema, msianze kuita teksi mbili kwenye simu hapo nje, moja itakuja na ya pili itapotea. Dereva apite Expressway hadi Southern Bypass. Na mpigieni simu mtu wa Wilson mkishapita uhamiaji, mkimwambia ninyi ni sita na mko njiani. Mmoja akibaki nyuma kwenye foleni, msimwache. Ndege inayowajua sita haifurahii kupokea watano na maelezo.

Jirani wa Syokimau: Mzee, mimi ni dereva. Kwa heshima, Lang'ata Road kupitia Nyayo saa kumi na moja alfajiri ni haraka kuliko kuzunguka bypass. Na kuna watu wanakwenda kwa bodaboda na wanafika.

Jibu: Nakubali, kaka, saa hiyo barabara zote ni nyeupe na wewe unazijua kuliko mimi. Ninachosema ni kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kuendelea. Bodaboda na begi la mgongoni, kijana mmoja, siku ya jua, ni uamuzi wake. Lakini kwenye Mombasa Road, katikati ya malori, simpeleki mgeni wangu huko, wala Expressway bodaboda haziruhusiwi kupanda.

Mwenzetu wa Mombasa: Na matatu je? Kila mtu anazungumza teksi tu.

Jibu: Matatu za 34 hutoka uwanjani kwenda mjini, na kutoka mjini za Lang'ata na Rongai hupita mbele ya Wilson. Inawezekana kabisa, na ni bei rahisi mno. Lakini itakubidi uingie katikati ya jiji ndipo utoke tena, na mizigo miwili ndani ya matatu italipiwa viti. Ifanye siku ambayo unalala Nairobi, si siku ya kukimbilia ndege.

Ndugu wa Minneapolis: Nikikosa ndege ya Lamu na siwezi kungoja kesho kwa sababu ya maziko, nifanyeje?

Jibu: Mungu awape subira. Usiondoke JKIA kama bado uko hapo. Uliza ndege ya Malindi au Mombasa siku hiyo, kisha gari kupitia Garsen na Witu hadi Mokowe, halafu boti mpaka Lamu mjini. Kutoka Malindi ni saa kadhaa, na ile barabara usiianze ikiwa utaingiliwa na usiku, na uulizie hali ya usalama kwa watu wa pale kabla ya kuondoka. Kama huwezi kufika Mokowe kabla ya magharibi, lala Malindi na uondoke baada ya Alfajiri. Wajulishe nyumbani mapema, mara nyingine familia huweza kusogeza maziko kutoka Adhuhuri hadi Alasiri ikijua kwa yakini uko njiani. Ukiwa musafiri, unganisha sala zako na ule kitu. Nimewaona watu wakizirai pale kwa kutokula tangu Amsterdam.

Binti wa Toronto: Ami, mama yangu ana miaka sabini na minne, anasafiri peke yake kwa mara ya kwanza, hajui kusoma, na anazungumza Kiswahili cha Kiamu tu. Naogopa sana.

Jibu: Usiogope, binti yangu, nimewapokea kina mama wengi kama yeye. Wakati wa kununua tiketi muombee kiti cha magurudumu, hata kama anatembea vizuri. Kitu muhimu ni yule mtu anayekisukuma: atampitisha uhamiaji, atasimama naye kwenye mkanda, na atamtoa mpaka nje anakongojewa. Bila kiti hicho, mama atafuata umati, na umati wa pale huenda kila upande.

Tafuta ndugu mmoja Nairobi atakayesimama mlango wa kutokea akiwa na picha ya mama kwenye simu, na mama naye awe ameoneshwa picha ya huyo ndugu mara nyingi mpaka aijue sura. Masanduku yake yafungwe kitambaa cha rangi anayoijua, kipande cha leso yake mwenyewe ni bora zaidi, maana yote pale kwenye mkanda ni meusi. Mpe muda wa usiku mmoja Nairobi, usimwingize kwenye mbio hizi.

Kisha andika karatasi kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili na Kiingereza: jina lake, anakokwenda, jina na namba ya simu ya anayempokea Nairobi, jina na namba ya aliye Lamu, dawa anazokunywa, na jina la kampuni ya ndege ya Wilson pamoja na saa ya kuruka. Itie kwenye mfuko wa kuning'iniza shingoni, ndani ya buibui. Andika ya pili sawa na hiyo, uitie kwenye mkoba wake pamoja na tasbihi, maana ile ya shingoni huivua akitaka kutawadha, na akaisahau hapo hapo juu ya sinki.